Kicheko cha Mama Kwenye Kanda ya Ossie Tranter

Mount Isa,
Jumatatu, 9 Machi 1998

Dada Roslyn,

Kicheko cha Mama kimepotea. Kilipotea jana Jumapili, saa moja na nusu jioni, mbele yangu na ya nyumba nzima, na aliyekipoteza ni wewe.

Sasa salamu, maana hatukulelewa porini. Sisi hatujambo. Sharon anakusalimu. Joto limeanza kulegea, ingawa chuma ukikigusa saa sita mchana bado unakiachia ngozi. Karakana inakwenda vizuri. Nimeongeza mashine ya pili ya kuvulia matairi ya malori ya mgodini, na sasa kutoka hapa mpaka Cloncurry hakuna wa kushindana nami. Kayla ameng'oka meno mawili ya mbele, akisema "shule" anapiga mluzi. Natumaini mgongo wa shemeji Ian umetulia.

Haya, turudi kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Ulipoandika kwenye kadi ya Krismasi kwamba kituo cha televisheni kinatafuta sauti za vipindi vya Ossie Tranter, kwa kuwa vya kwao walivifuta zamani ili kanda zitumike kwa mbio za farasi, nilisema sawa. Picha walibaki nazo chache, sauti hawana. Ulipoandika kwamba watauunga ule mkanda wa Baba uliokatika, nilifurahi zaidi. Unajua sijausikia tangu jioni ileile tuliyourekodi, nikiwa na miaka kumi na moja. Ukasema watautangaza tarehe 8, tukae tayari.

Nikakaa tayari. Niliwaita vijana wangu wa kazini, nikawaita wakwe, na Eino, Mfini wa jirani, ambaye hacheki hata akitekenywa. Nikawaambia: "Huyu Ossie ni mchekeshaji wa kwetu, mtampenda. Lakini ninayetaka mumsikie ni mama yangu. Ataingia kwenye habari ya Dapto, mji alikotoka Ossie."

Akaja Ossie, na lile sweta alilofumiwa na shangazi yake, kiti cha jikoni begani, anakimbia uwanja wa ndege kumkamata yule mcheza filamu wa Kimarekani, Chet Lawford. Akamkalisha. Kwa kuwa alileta kiti kimoja tu, yeye akachuchumaa. Akafungua karatasi yake, akaisoma kimyakimya, akaigeuza, akaisoma tena. Mmarekani anasubiri. Mimi tayari nimeshika mbavu.

"Bwana Lawford, ulipokuwa mtoto, ulikuwa mfupi?"

"Nadhani watoto wote huwa wafupi."

"Si sisi wa Dapto."

Halafu kile kimya chake, anamwangalia mtu mpaka mtu anaanza kujishuku. Ni hapo, dada. Hapo ndipo Mama anapopasuka. Kicheko kama kuku aliyefukuzwa jikoni, kisha mkoromo mmoja mwishoni, kisha Baba: "Aa, umeharibu kanda!"

Hapakuwa na kitu. Ossie kimya, Mmarekani kimya, sebule yangu kimya. Sauti safi kama sakafu ya hospitali. Kayla akageuka: "Baba, bibi amecheka wapi?" Eino akasema kwa adabu yake, "Labda alicheka moyoni."

Mtu akiniletea tairi nimzibie, nikamrudishia jingine jipya lisilo lake, hata likiwa zuri kuliko lile, mimi ni mwizi. Sina jina jingine la hicho mlichofanya. Nataka kujua kanda yenyewe iko wapi.

Mdogo wako,
Darrell


Corrimal,
2 Aprili 1998

Darrell mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilifika upesi, mimi ndiye sikuwa upesi. Mvua imetunyeshea wiki nzima, mfereji wa nyuma umeziba na Ian hawezi kuinama, kwa hiyo anasimama barazani na kunielekeza mimi ninavyoinama. Kiwandani wamepunguza watu tena. Zamu ya Baba, ile ya tanuru, haipo kabisa siku hizi. Mbusu Kayla, mwambie meno mapya yakija huwa makubwa mno kwa muda, asiogope.

Nimesikitika kwa Jumapili yako ile. Kijana wa kituo alinieleza kwamba wana mashine inayotoa kelele za nyumbani: vikombe, mbwa, watu kukohoa. Wanataka Ossie abaki peke yake. Nadhani kwao kicheko nacho ni kelele.

Lakini si walimrudisha vizuri? Mimi nililia kwa kucheka. Unakumbuka alipochanganya karatasi, akamwuliza yule mwimbaji mkubwa wa opera maswali ya bondia? "Mama, ukipigwa ngumi ya tumbo unafanyaje?" Yule mama akajibu, "Sijawahi kupigwa tumbo, bwana." Na Ossie, kwa heshima zote: "Ndiyo maana uko namba moja." Na waziri je? Alimpa ashike mkate wake wa nyama wakati yeye anatafuta penseli, akawa haipati, waziri akafanya mahojiano yote ameshika mkate, mchuzi unamtiririka ndani ya mkono wa koti. Baba akasema, "Hiyo ndiyo kazi ya kwanza huyu bwana amefanya tangu tumchague."

Nilikuwa nikifikiri ni mjinga. Sasa namwona alikuwa jasiri. Sisi tulikuwa tunatoka chumbani tukimwona mtu anaaibika. Yeye aliketi ndani ya aibu kama mtu aliye bafuni kwake.

Kuhusu kanda, vitu hivi huchukua muda. Hapa nyumbani pia si wote wenye afya. Nitakuandikia.

Wako,
Roslyn


Mount Isa,
14 Aprili 1998

Dada,

Salamu. Wote wazima. Sharon amepanda nyanya ndani ya matairi chakavu, zimekubali. Kayla jino moja limechungulia.

Ulichoniandikia ni ukurasa mzima na jibu hamna. Nimekuuliza kanda iko wapi, ukanijibu mfereji umeziba. Ossie angekuajiri.

Utajiuliza kwa nini sikupigii simu tukamaliza. Unajua kwa nini. Nikipiga, simu ikalia, mkono utakaoiinua si lazima uwe wako. Wewe uliamua baada ya Baba kufa kumpa yule mama wa nyumba ya pili chumba chako cha nyuma. Ni nyumba yako. Baba naye aliamua kumwoa kabla majani hayajaota vizuri kwenye kaburi la Mama, na ile ilikuwa nyumba yake. Mimi nilitoka pale na mfuko mmoja, nikajifunza kubadilisha matairi nikilala juu yake, na sijamwomba mtu kitu tangu hapo. Sasa naomba kimoja, na chenyewe ni changu.

Nikueleze ninachokitaka, ili usiseme hukuelewa. Jioni ile Baba alifungia mbwa nje. Akazima birika. Akaweka redio kaseti mbele ya spika ya televisheni, akatugawia taulo za vyombo tuziume tusicheke. "Atakayepumua atakwenda kulala na mbwa," akasema. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha kijani. Na sisi wote tulijikaza, tumevimba mashavu kama vyura, mpaka Dapto. Mama hakuweza. Ndiye pekee aliyeshindwa, na mimi nilimpenda kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Hatuna filamu yake. Picha tulizo nazo anaangalia jua amekunja uso. Kicheko kile ndicho chote kilichobaki cha Mama akiwa hai. Kayla ana haki ya kukisikia. Mimi vilevile, usiku na mchana nakisikia kichwani, lakini kinaanza kuchakaa pembeni, na nataka kukilinganisha kabla hakijaisha.

Toa kanda huko kituoni. Nitumie.

Darrell


Corrimal,
30 Mei 1998

Mdogo wangu,

Sina muda wa barua ndefu. Naingia na kutoka hospitali, si kwa ajili yangu wala Ian. Ian anajitahidi kupika, tumekula soseji mpaka nimesahau ladha nyingine. Nafurahi kuhusu nyanya.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeiandika vizuri ile jioni. Naomba nikuulize kitu bila wewe kukasirika: kwa nini usibaki nayo hivyo ulivyonayo? Kanda ni kitu duni, Darrell. Kina mikwaruzo, kina mlio. Huenda ukakisikia ukaona si kile.

Nifikirie kidogo na mimi.

Roslyn


Mount Isa,
10 Juni 1998

Roslyn,

Hatujambo, nanyi natumaini hivyo. Basi.

Nimekasirika. Umesema nisikasirike, nimejaribu, nimeshindwa. Nilipiga simu kituoni mwenyewe. Nimempata yule kijana wa sauti, mtu muungwana, anaongea polepole kama amekaa na mgonjwa. Nikamwambia, "Naulizia kanda ya marehemu Mervyn Sutcliffe wa Corrimal, ile yenye Chet Lawford." Akasema, "Ah, ile ya kicheko!" Unasikia? Anaikumbuka. "Sisi wote hapa tulikipenda," akasema, "ilituuma kukitoa." Nikamwuliza lini watairudisha. Akasema, "Bwana, tuliirudisha Februari. Dada yako alikuja kuichukua."

Februari! Kabla hata ya kipindi kutangazwa. Yaani barua zote hizi iko kwenye kabati lako.

Nikamwuliza ulikuja na nani, nikidhani atasema Ian. Akasema, "Alikuja na mama mmoja mzee mwenye fimbo. Tuliwafungulia kanda nzima, wakakaa wakasikiliza. Mama yule alitokwa na machozi."

Ulimchukua yule. Ulimkalisha kwenye kiti kizuri, ukamsikilizisha mama yangu akicheka, na mimi mwanawe nikapewa sauti iliyofuliwa. Amechukua nyumba, amechukua jiko, amechukua Baba miaka kumi na mitano. Hiki nacho ulimpa? Na machozi ya nini? Alikuwa nani kwa Mama zaidi ya mtu wa kuazima sukari?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nausubiri mshindo wako. Tuma kanda, na kama mna aibu, semeni mlikuwa mnanificha nini.

Darrell


Corrimal,
19 Julai 1998

Darrell mdogo wangu,

Salamu zako nimezipokea, ingawa zilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Huku baridi. Ian ameanza kutembea hadi dukani na kurudi, akirudi anasimulia kama ametoka Antaktika. Hii naiandika kando ya kitanda cha Coral. Nimelitaja jina, vumilia. Amerudishwa nyumbani wiki iliyopita. Ni ini. Daktari alikuwa akisema miezi, sasa haongei tena kwa kipimo chochote.

Kanda imo ndani ya kifurushi hiki. Imeungwa, inacheza. Ningependa usome barua hii kwanza kabla hujaibonyeza, lakini nakujua, huenda tayari umeshaisikia na ndipo unasoma haya. Kama ndivyo, pole.

Jumapili ile tuliyorekodi, Mama hakuwa nyumbani.

Wewe unaikumbuka hospitali kama wiki moja ya mwisho, ya Septemba. Mdogo wangu, ilikuwa ni majira yote ya baridi. Alikuwa akiingia na kutoka, na mwezi ule wa Julai alikuwa ndani. Wodini hapakuwa na televisheni. Mama alimpenda Ossie kuliko sisi sote, na kilichomsikitisha kitandani pale, alimwambia Baba, ni kwamba Chet Lawford anakuja na yeye hatamwona Ossie akimwaibisha. Ndiyo maana Baba alirekodi. Mfikirie Baba, mtu aliyekuwa akiimba chooni, akila kwa kelele, akitia sukari kwa kelele. Angetuziba midomo kwa taulo kwa ajili yake mwenyewe? Alitaka Mama apate sauti safi. Kiti cha kijani ulichokitaja kilikuwapo, ni kweli. Baba ndiye alikivuta mbele ya televisheni akaiweka redio kaseti juu yake. Hapakuwa na mtu ndani yake.

Aliyecheka ni Coral. Alikuwa amekuja kutuokea nyama na viazi, kama alivyokuja kila Jumapili ambayo Mama alikuwa wodini, na Mama mwenyewe ndiye aliyemwomba. Utamsikia. Baba anaposema "umeharibu kanda," yeye anasema, "Samahani, Mervyn. Wacha nikaangalie viazi." Mama hajawahi kumwita Baba Mervyn hata siku moja; kwake alikuwa Merv tu.

Halafu kuna mtoto. Anasema kwa sauti ya juu, karibu kabisa na kinasa sauti: "Usifute, Baba! Mama akimsikia Coral atacheka zaidi!"

Huyo ni wewe.

Tuliposikiliza kituoni, mimi nilikuwa nakumbuka, nilikuwa na miaka kumi na mitano. Coral hakuwa anakumbuka. Kilipokuja kile kicheko alishika fimbo yake akasema, "Mungu wangu, huyo ni mimi. Nilikuwa nacheka hivyo?" Halafu akakusikia wewe. Hapo ndipo alipolia. Nikamwambia njiani unavyoamini, kwamba umekibeba kicheko kile miaka yote ukijua ni cha Mama. Tulipofika kituo cha treni akasema, "Roz, mwachie. Kijana amesema watazitoa kelele zote, basi na mimi waniondoe, kanda utie kabatini. Anazo sababu za kutosha za kunichukia, usimwongezee hiyo." Nikakubali. Na nikaandika kuhusu mfereji.

Hanitumi kukuomba kitu. Ni mimi ninayeomba. Njoo. Ndege zipo. Huna haja ya kusema neno. Akae tu akuone umeingia mlangoni.

Dada yako,
Roslyn


Mount Isa,
Jumatatu, 10 Agosti 1998

Dada Roslyn,

Sharon alinieleza simu yako ya Jumatatu iliyopita, na ile ya Ijumaa baada ya mazishi. Pole. Pole kwa Ian naye. Sikuja. Usiniulize na mimi sitajieleza, nina malori hapa, na hata kama nisingekuwa nayo sijui kama ningekuja. Kayla hajambo. Nyanya zimeoza, baridi ya alfajiri.

Nilianza na kanda. Sikuisoma barua yako kwanza, ulikisia sawa. Nilikwenda nayo kwenye lori la kazi, nikapandisha vioo, nikaibonyeza. Ossie anaanza, unasikia sauti ya ndege nyuma yake, unasikia kiti kikiburuzwa. Kisha Dapto. Kisha kicheko.

Ni kilekile. Hukupaswa kuhofu juu ya mikwaruzo. Kuku, jikoni, mkoromo, vyote vipo. Nikafumba macho nikamwona Mama kwenye kiti cha kijani, nikashukuru, nikasema mambo fulani kwa sauti ambayo nafurahi vioo vilikuwa juu. Kisha akasema, "Samahani, Mervyn." Na mimi, ndani ya lori, nikaijua sauti ile kama mtu anavyojua mlango wa nyumba aliyoikimbia. Kisha nikajisikia mwenyewe, nina sauti ya ndege mdogo, namtetea.

Ndipo nikafungua barua.

Nitakwambia hali ilivyo, kama ninavyomwambia mteja ambaye tairi lake halizibiki. Tangu siku ile nimejaribu kukumbuka kicheko cha Mama. Nikiwa nimelala chini ya lori, nikila, nikiendesha. Nimemkumbuka akinifunga kamba za viatu na akicheka kwa sababu nilimpiga goti kwenye pua. Nimemkumbuka ufukweni Thirroul, wimbi limemwangusha na kofia. Nimemkumbuka akimfukuza mbwa mwenye keki ya siku ya kuzaliwa kwako mdomoni. Kila mahali anacheka, na kila mahali anacheka kwa sauti ya Coral. Nimemvalisha Mama sauti ya mtu ambaye sikumwamkia hata kwenye maziko ya Baba. Nikimvua, Mama anafungua mdomo na hakitoki kitu, kama picha za Ossie zile walizobaki nazo.

Na kicheko chenyewe bado ni kizuri. Hilo ndilo linaloniua. Nimekisikiliza tena leo asubuhi. Sina wa kumkasirikia. Mwenye nacho mmemzika, na mimi nilikuwa na anwani yake miaka yote hii.

Kayla aliniuliza kama kanda imefika. Nimemwambia imekatika njiani. Sijui nitamwambia nini kesho.

Basi sikiliza. Nimeisoma barua yako ya Julai mpaka imechanika kwenye mkunjo. Ni barua ya kweli, nakiri, ya kwanza. Umeeleza Jumapili yote. Lakini imeishia Jumapili.

Jumatatu Baba alitoka zamu, hakuoga, akatuchukua. Hilo nalikumbuka, na hili sijalichanganya, kwa sababu nilikaa nje. Watoto wa chini ya miaka kumi na miwili hawakuruhusiwa wodini, yule muuguzi mkuu alinigeuza mlangoni kwa bega. Wewe uliingia. Baba alikuwa ameibeba redio kaseti ndani ya mfuko wake wa chakula ili wasimzuie. Mimi nikakaa kwenye gari na pakiti ya biskuti, nikalitazama dirisha nililodhani ni la Mama, nikasikiliza. Nilidhani kama akicheka nitasikia mpaka kwenye gari. Niliziweka biskuti nisitafune, ili nisije nikakosa.

Mkatoka. Baba akawasha gari. Nikauliza, "Alipenda?" Baba akasema, "Kula biskuti zako." Wewe ukageukia dirisha, na ukakaa hivyo mpaka nyumbani. Kanda ikaingia kwenye droo ya soksi za Baba, na haikutoka, na Jumapili iliyofuata Ossie alipokuja Baba akainuka akaenda kukata majani, katikati ya baridi, gizani.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikakubali. Sasa ninayo mashine mbili za matairi na mtoto anayeniuliza maswali, na sikubali tena. Baba amekufa. Coral amekufa. Aliyekuwa chumbani mle na bado anapumua ni wewe peke yako.

Swali langu ni moja na halina pembe. Baba alipobonyeza, Mama akamsikia Ossie, akamsikia Coral, akanisikia mimi nikimwahidi Baba kwamba atacheka zaidi. Je, alicheka?

Kama alicheka, nataka kujua alichekaje. Kama alilia, andika alilia. Kama alikuwa hajitambui tena, andika hivyo, mimi ni mtu mzima. Kama alisema, "Zima, Merv," andika. Usiniandikie mvua. Usiniandikie mgongo wa Ian. Usinipe "nadhani" wala "labda," na usinionee huruma, maana huruma yako nimeshaiona ilivyofanya kazi.

Barua kutoka kwako huchukua siku nne, tano ikipitia Brisbane. Jibu liwe ndani ya sanduku langu kabla posta haijafungwa, Ijumaa tarehe 28 Agosti, saa kumi na moja jioni. Alicheka au hakucheka?

Darrell